Chattanooga au Birmingham: Swali la Mji Ulio Bora Kuishi

Swali la mji upi ni bora kuishi kwa kawaida hujibiwa kwa hesabu. Mtu anayetaka kuhama huweka pamoja pango, mshahara, kodi, shule na hali ya hewa, kisha hujumlisha. Falsafa imelitilia shaka jumlisho hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mambo yanayojumlishwa huenda hayana kipimo kimoja. Ya pili ni kwamba hesabu hugusa yale ambayo mji humpa mkazi na kuacha yale unayomdai. Shaka hizo huonekana wazi zaidi pale miji inapofanana kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema kwa haraka upi umeushinda mwingine, na miji miwili ya Kusini mwa Marekani, Chattanooga katika jimbo la Tennessee na Birmingham katika jimbo la Alabama, inafaa sana kwa uchunguzi huo.

Miji hii imetenganishwa na kilomita 240 hivi za barabara. Yote miwili iko kwenye sehemu ya kusini ya milima ya Appalachia, na yote iliinuliwa na chuma. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 181,099 Chattanooga na 200,733 Birmingham. Birmingham ilianzishwa mwaka 1871 mahali ambapo madini ya chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa, vitu vyote vitatu vinavyohitajika katika kuyeyusha chuma, vinapatikana karibu karibu. Juu ya mlima wake wa Red Mountain husimama Vulcan, sanamu ya chuma ya mungu wa wafua vyuma wa Kirumi, yenye urefu wa mita 17, iliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya St. Louis ya 1904. Chattanooga ilikulia kwenye kona ya Mto Tennessee, penye kivuko kilichoitwa kwa jina la John Ross, kiongozi wa Wacherokee, kabla watu wake hawajafukuzwa kwa nguvu mwaka 1838. Karne moja na zaidi baadaye viwanda vyake vilikuwa vimejaza moshi bonde lililozungukwa na milima, na mwaka 1969 serikali ya shirikisho iliutaja kuwa mji wenye hewa chafu kuliko yote nchini. Hata hali mbaya ya hewa huigawana: Aprili 27, 2011, vimbunga vya aina ya tonado vilipiga maeneo ya miji yote miwili siku hiyo hiyo.

Tofauti huanza kwenye mfuko wa mkazi. Tennessee haitozi kodi ya mapato kwenye mishahara. Alabama hutoza hadi asilimia 5, na manispaa ya Birmingham huongeza asilimia 1 kwa mshahara unaopatikana ndani ya mipaka yake. Mwenye kipato kikubwa ataona jibu limekwisha kupatikana. Lakini Chattanooga hukusanya dukani kile ambacho jimbo halikuchukua kwenye mshahara: kodi ya mauzo hufikia asilimia 9.25, ingawa vyakula hutozwa kidogo. Birmingham hutoza asilimia 10, na jimbo la Alabama lilianza tu mwaka 2023 kupunguza sehemu yake kwenye vyakula. Kwa upande mwingine kodi za ardhi na majengo za Alabama ni miongoni mwa zilizo chini kabisa Marekani, jambo linalomfaa mwenye nyumba na kumwacha mpangaji mikono mitupu. Majimbo yote mawili yalikataa kupanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hivyo maskini asiye na watoto hana pa kukimbilia katika mji wowote kati ya hii. Kabla falsafa haijaingia, basi, swali limekwisha kugeuka: bora kwa nani?

Waandaaji wa orodha za miji bora hulikwepa swali hilo kwa kugawa alama. Kazi hupewa alama kadhaa, usalama kadhaa, burudani kadhaa, na mji hupata namba moja ya mwisho. Nyuma ya namba hiyo kuna dai zito, ambalo mwanafalsafa Jeremy Bentham angelitambua: kwamba kila jema linaweza kubadilishwa kuwa jema jingine kwa kiwango maalumu, kama fedha za kigeni dirishani. Ni dai linalostahili kuthibitishwa, na waandaaji wa orodha hawajulikani kwa kulithibitisha.

Hoja iliyo kali zaidi dhidi ya dai hilo ni ile inayotumia nyongeza ndogo, ambayo mwanafalsafa Joseph Raz aliiendeleza katika kitabu chake cha 1986 kuhusu maadili ya uhuru, na Ruth Chang baada yake akaipanua. Chukua muuguzi anayeweza kupata kazi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, moja ya hospitali kubwa nchini na sehemu ya taasisi ambayo ndiyo mwajiri mkubwa wa mji, mahali ambapo angejifunza upandikizaji wa viungo kutoka kwa mabingwa. Anaweza pia kupata kazi ya kawaida Chattanooga, akaishi chini ya majabali ya Lookout Mountain, karibu na mto, akayakwea kila Jumamosi. Amefikiri sana, na hawezi kusema maisha yapi ni bora. Je, ni sawa? Kama yangekuwa sawa kabisa, dola 500 zaidi kwa mwaka upande mmoja zingetosha kuinamisha uamuzi, kwa kuwa vitu viwili vilivyo sawa, kimoja kikiongezwa chochote, hicho huzidi. Muuguzi anaongezewa dola 500 na bado hajui. Basi hayakuwa sawa, wala moja halikuwa juu ya jingine.

Wanafalsafa hawakubaliani kuhusu kinachobaki. Raz huona kwamba mambo ya namna hiyo hayalinganishiki, na kwamba akili imefika mwisho wa kazi yake: mtu huchagua, wala hakosei. Chang huona kuna uhusiano wa nne zaidi ya kuzidi, kuzidiwa na kulingana. Vitu viwili vinaweza kuwa vya daraja moja vikiwa vimetofautiana kwa aina, na mtu anayechagua kati yao hujipa sababu ambayo haikuwapo kabla hajajifunga nayo. John Broome hudhani kwamba shida ni ukungu wa neno "bora" lenyewe, ambalo halina mpaka mkali. Kati ya maelezo hayo, ya Chang ndiyo yanayokaribia yale ambayo watu husema baada ya kuhamia mahali. Mkazi wa miaka kumi mara chache husema mji wake ulishinda kwa alama. Husema alijijenga kuwa mtu wa hapo.

Hata hivyo kutolinganishika kuna mipaka, na ni rahisi kuitia chumvi. Mgonjwa anayesubiri figo hana fumbo lolote; Birmingham inamfaa zaidi. Mtu anayefanya kazi ya kompyuta nyumbani naye ana jibu, maana mwaka 2010 EPB, shirika la umeme linalomilikiwa na umma wa Chattanooga, lilifikisha intaneti ya mkongo yenye kasi ya gigabiti moja kwa sekunde kwa kila nyumba katika eneo lake, kabla ya mji mwingine wowote mkubwa kiasi hicho nchini. Mambo mengi ya maisha yana jibu. Fumbo hutokea pale haja za lazima zikishatimizwa kote kuwili.

Aristotle angeona kwamba mjadala wote huu umeanzia mahali pasipofaa. Katika kitabu chake cha siasa, mji hutokea ili watu waweze kuishi, na huendelea kuwapo ili waishi vizuri, na kuishi vizuri kwake ni kutenda: kujadiliana, kuhukumu, kushika madaraka na kuyaachia. Mkazi anayepokea huduma nzuri bila kushiriki lolote ni mgeni aliyelala hotelini. Alitaka pia mji usiwe mkubwa mno, uweze kuonekana kwa jicho moja na watu wake wajuane tabia, la sivyo watachagua viongozi na kutoa hukumu kwa kubahatisha. Kutoka kwenye miguu ya Vulcan Birmingham yote inaonekana, na Chattanooga kutoka Lookout Mountain, lakini Aristotle hakuwa akizungumzia mandhari. (Ikumbukwe pia kwamba mji wake uliwaacha nje wanawake, watumwa na wageni, kasoro ambayo Kusini mwa Marekani iliirudia kwa karne nyingi.)

Kwa kipimo hicho Chattanooga ina jambo la kujivunia. Mwaka 1984 wakazi wake waliitwa katika mfululizo wa mikutano ya hadhara kusema mji wao uwe vipi ifikapo mwaka 2000. Mengi waliyotaja yalitekelezwa. Hifadhi kubwa ya viumbe vya majini ilifunguliwa ukingoni mwa mto mwaka 1992, na Daraja la Walnut Street, lililofungwa kwa magari tangu 1978, lilifunguliwa tena mwaka 1993 kwa waenda kwa miguu. Kwa upande wa Birmingham historia ya ushiriki ni ya namna nyingine, yenye uzito zaidi na gharama zaidi. Mei 1963 maelfu ya watoto wa shule waliingia barabarani kudai haki, wakakutana na mbwa na mipira ya maji ya zimamoto. Mwaka 1979 mji ulimchagua Richard Arrington, meya wake wa kwanza Mweusi. Kama mji mwema ni ule unaowafanya wakazi wake kuwa raia, Birmingham iliwafanya hivyo kwa kuwanyima uraia kwanza, na hakuna orodha yenye safu ya kuandikia jambo kama hilo.

Mpaka wa mji nao si jambo dogo. Birmingham ilikuwa na watu zaidi ya 340,000 mwaka 1960. Tangu hapo imepungua, huku vitongoji vyenye manispaa na shule zake vikineemeka nyuma ya Red Mountain. Maarufu zaidi ni Mountain Brook, uliojitenga kuwa mji mwaka 1942. Ndani ya mipaka ya Birmingham zaidi ya theluthi mbili ya wakazi ni Weusi, wakati Mountain Brook karibu wote ni Weupe. Hata ndani ya mji wenyewe utengano ulichorwa kwa sheria: kanuni ya mji ya 1926 ilitaja mitaa ambayo Weusi waliruhusiwa kuishi, na mahakama za shirikisho ziliibatilisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 tu. Kwa hiyo mtu akisema anahamia Birmingham, mara nyingi hahamii Birmingham yenyewe bali kitongoji.

Hapa njia ya mwanafalsafa John Rawls, aliyoieleza mwaka 1971, inasaidia kuliko wastani wowote. Tuseme anayechagua hajui atakuwa nani atakapofika: Mweusi au Mweupe, mpangaji au mwenye nyumba, mzima au mgonjwa, mkazi wa upande upi wa mlima. Hataangalia tena uzuri wa mji kwa walio juu. Ataangalia hali ya aliye chini kabisa, maana huenda ni yeye. Chattanooga, ambako Weusi ni chini ya theluthi na ufufuo wa kando ya mto umepandisha pango, haitoki katika mtihani huo safi kama picha zake zinavyoonyesha. Birmingham, yenye umaskini mwingi lakini ambako Weusi ndio wanaoshika hatamu za manispaa, huenda ikapata zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Ila Rawls aliitunga njia hiyo kwa ajili ya kanuni za jamii nzima, na kuitumia kuchagulia makazi ya mtu mmoja ni kuibebesha mzigo ambao haukuwa wake.

Inayobaki ni ile shaka ya pili ya mwanzoni, ya yale ambayo mji humdai mkazi. Septemba 15, 1963, bomu lililotegwa na wafuasi wa Ku Klux Klan katika Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16 mjini Birmingham liliwaua wasichana wanne. Machi 19, 1906, umati ulimtoa Ed Johnson, Mweusi aliyekuwa amehukumiwa kifo, jela huko Chattanooga na kumnyonga kwenye Daraja la Walnut Street, lile lile ambalo familia hupiga picha leo, ingawa Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamuru asiguswe hadi rufaa yake isikilizwe. Mahakama hiyo ilimtia hatiani mkuu wa polisi wa kaunti, Joseph Shipp, mwaka 1909. Mawakili wawili Weusi waliomtetea Johnson, Noah Parden na Styles Hutchins, walilazimika kuukimbia mji. Hukumu ya Johnson ilifutwa mwaka 2000, na kumbukumbu yake ilizinduliwa kando ya daraja mwaka 2021.

Je, anayehamia leo anahusika? Mwanafalsafa Karl Jaspers, akiandika kuhusu Ujerumani mwaka 1946, alitenganisha hatia ya jinai, ambayo ni ya mtendaji pekee, na wajibu wa kisiasa, ambao humwangukia kila mwananchi kwa sababu tu ni mwananchi. Watu wengi hupinga wajibu wa aina hii wakiuona ni dhana ya vitabuni. Wakazi wa Birmingham wanao mfano wake kwenye bili ya kila mwezi. Kaunti ya Jefferson, ambamo mji umo, ilikopa mabilioni ya dola kujenga upya mfumo wa majitaka, mikopo ikaandamana na rushwa iliyowapeleka maafisa kadhaa gerezani, na mwaka 2011 kaunti ikajitangaza kuwa imefilisika, ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 4. Mpango wa kujinasua uliupitisha mzigo kwenye ada za majitaka kwa miongo iliyofuata. Aliyefika mwaka 2020, ambaye hakukopa, hakuhonga wala kumpigia kura mtu yeyote, hulipa. Analalamika, lakini hasemi deni halipo. Anayekubali kurithi deni la mabomba atapata taabu kueleza kwa nini deni la daraja au la kanisa linamruka.

Dini, katika miji hii, ina sauti kubwa juu ya jambo hilo. Uchunguzi wa usomaji wa Biblia uliofanywa nchini kote katika muongo wa 2010 uliiweka Chattanooga na Birmingham kwenye nafasi za juu kabisa, kila moja ikiwahi kuwa ya kwanza. Biblia hiyo ina barua ya nabii Yeremia kwa Wayahudi waliohamishiwa Babeli, inayowataka wajenge nyumba, wapande bustani na kuutafutia amani mji uliowateka, kwa kuwa amani yao imo ndani ya amani yake. Agostino naye, katika kitabu chake juu ya mji wa Mungu, alikataa kuuweka mji huo kwenye ramani. Watu wake na watu wa mji wa dunia wamechanganyika mitaani hadi mwisho wa nyakati. Kwa mapokeo hayo mwamini haulizi kwanza mji utamfaa vipi. Anauliza atautendea nini ule alimo.

Fundisho hilo linaweza kutumiwa vibaya, na Birmingham ndiko lilikotumiwa vibaya mbele ya ulimwengu. Aprili 1963 viongozi wanane wa dini, Wakristo na Myahudi mmoja, wote Weupe, walitoa tamko la kuwataka Weusi wavumilie na kulaumu maandamano yaliyoongozwa kwa sehemu na watu wa nje. Kutafuta amani ya mji kulikuwa kumegeuka kuwa kutafuta utulivu wake. Martin Luther King, aliyekuwa jela mjini humo, aliwajibu kwa barua ya Aprili 16, akiwatumia Agostino na Thomas Aquinas kuhusu sheria isiyo ya haki, na Mtume Paulo kama mfano wa mtu aliyeuacha mji wake kupeleka ujumbe kwingine. Katika mantiki ya barua hiyo, haki ya kusema juu ya mji haitokani na cheti cha makazi. Jibu hilo huutikisa ulinganisho wote wa miji, kwa kuwa aliyechagua Chattanooga hajajitoa katika yale ya Birmingham kwa kuhamia kilomita 240 kutoka hapo.

Kuna pia ambao hawakuchagua. Tennessee imepokea wakimbizi kwa miaka mingi, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na mji wa kwanza wa mkimbizi hupangwa na mashirika ya makazi mapya, mara nyingi mtu akiwa bado kambini. Kwake hoja ya Raz haina pa kushika, maana hapakuwa na vitu viwili mkononi. Barua ya Yeremia iliandikwa kwa watu wa hali iliyo karibu zaidi na yake kuliko na ya muuguzi mwenye barua mbili za ajira.

Kwa yule mwenye nafasi ya kuchagua inabaki shida moja ambayo mwanafalsafa L. A. Paul aliieleza mwaka 2014: mambo fulani humbadili mtu kiasi kwamba hawezi kuyapima kabla hajayapitia. Mji ni miongoni mwa mambo hayo. Muuguzi wa Chattanooga, baada ya miaka, atapenda mwamba na kimya cha asubuhi, na kwa mapenzi hayo atasema alichagua vyema. Muuguzi huyo huyo, kama angekuwa Birmingham, angependa wodi yenye kesi ngumu na kanisa lenye historia, akasema vivyo hivyo. Kila shahidi amefundwa na mji anaoutolea ushahidi. Kuwauliza waliohama kutoka mji mmoja kwenda mwingine hakuondoi tatizo, kwa kuwa aliyeondoka alikuwa na sababu ya kuondoka, na aliyefika bado ana kipimo cha alikotoka. Ushahidi wao unafaa kwa mambo ya kodi, foleni na joto la Agosti. Kwa mengine unaeleza jinsi mji unavyomfinyanga mtu, na anayechagua atalazimika kuamua ni mtu wa namna gani yuko tayari kuwa, akiwa bado hajawa mtu huyo.